Vipimo sahihi, bafu lisilotumika: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja

Kisa ninachokichambua hapa kinahusu bafu la nyumbani lenye upana wa milimita 2,000 na urefu wa milimita 2,600, ambalo lilijengwa upya mara mbili kwa ajili ya mtu yule yule katika muda usiozidi mwaka mmoja. Mara ya kwanza mafundi walifuata vipimo vya mwongozo uliochapishwa na kutimiza kila kilichoandikwa humo, lakini mwenye nyumba akaanguka ndani yake siku ya nne. Mara ya pili tulianza na mwili wake, yaani namna anavyojihamisha kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kwenye choo cha kukalia, ndipo vipimo vikafuata. Niliitwa kama msanifu baada ya kuanguka huko, na nimeona ni haki nieleze kwa kina kilichotokea, kwa sababu bafu lile la kwanza lingepita katika ukaguzi wowote unaofanywa kwa kufuata orodha.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya kumi ya kifua. Miguu yake haina nguvu wala hisia, misuli ya tumbo inamsaidia kwa sehemu tu, ila mabega na mikono yake ina nguvu za kutosha kuubeba mwili. Katika ajali hiyo hiyo alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, kikaunganishwa kwa chuma, na tangu hapo hakikunjiki kwenda nyuma. Anaweza kushika na kuvuta kwa mkono huo vizuri kabisa, lakini hawezi kuukandamiza chini akiwa amefungua kiganja na kuuegemeza uzito wake. Habari hii ilikuwemo kwenye ripoti yake ya matibabu katika mstari mmoja, na hakuna hata mmoja kati ya waliojenga bafu aliyekuwa ameusoma.

Bafu la kwanza lilikuwa hivi. Ukiingia mlangoni, choo kilikuwa kwenye kona ya mbali upande wa kushoto, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta unaoukabili mlango. Mtu akikikalia alikuwa na ukuta wa pembeni kulia kwake na nafasi wazi kushoto. Katikati ya chumba palikuwa na nafasi ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 1,500, ambayo ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa inatosha kiti cha magurudumu kugeuka. Uwazi wa mlango ulikuwa milimita 860. Katikati ya choo palikuwa milimita 450 kutoka ukutani, kiti chake kikiwa milimita 480 kutoka sakafuni, na chuma cha kushikia kilikuwa kimefungwa kwenye ukuta wa kulia. Nilipofika na kuanza kupima, fundi mkuu alinisubiri kwa utulivu hadi nilipomaliza, kisha akamgeukia mwenye nyumba na kusema, "Mama, vipimo vyote viko sawa." Alikuwa anasema kweli.

Kuanguka kwenyewe kulitokea asubuhi, mumewe akiwa chumba cha pili. Mama alikuwa amerudisha kiti kinyumenyume ubavuni mwa choo, akajaribu kujihamisha kwenda kulia, mkono wa kushoto ukamwishia nguvu katikati ya safari, akateleza kati ya kiti na choo hadi sakafuni. Mlango ulikuwa unafungukia ndani. Miguu yake ililala kwenye njia ya mlango, na mumewe hakuweza kuusukuma bila kumwumiza wala kuung'oa, kwa kuwa bawaba za mlango wa aina hiyo huwa upande wa ndani. Ilimbidi mama ajikokote kwa viwiko, sentimita chache chache, hadi mlango ukapata nafasi ya kufunguka kiasi cha mtu kujipenyeza. Hakuvunjika mfupa, lakini alichubuka ngozi ya nyonga, na kwa mtu asiye na hisia mchubuko wa sehemu anayoikalia si jambo dogo: alilazimika kulala kifudifudi kwa wiki tatu ili usigeuke kidonda.

Kabla ya kuchora mstari wowote nilimwomba anionyeshe anavyotoka kwenye kiti na kupanda kitandani, kwa sababu kitanda ndicho kitu pekee nyumbani mle alichokuwa akikipanda bila msaada. Aliegesha kiti kwa pembe ndogo kando ya kitanda, kitanda kikiwa kushoto kwake. Akafunga breki zote mbili, akaishusha miguu kutoka kwenye vikanyagio mmoja baada ya mwingine kwa kuliinua goti kwa mkono, akasogea mbele juu ya mto wa kiti hadi nyonga zikapita mbele ya gurudumu kubwa. Mkono wa kulia akauweka kwenye kona ya mto, wa kushoto ukashika chuma cha ubavuni mwa kitanda. Kisha akainama na kukipeleka kichwa chini upande wa kulia, na papo hapo nyonga zikainuka na kwenda kushoto. Ilikuwa sekunde mbili tu. Kwa mtu asiye na nguvu za miguu, kujihamisha ni hesabu ya mzani: kichwa kinashuka upande mmoja ili nyonga zipande upande wa pili, na mikono miwili ndiyo mhimili. Nilipomwomba ajaribu kwenda kulia, mkono wa kushoto ndio uliotakiwa kukandamiza mto wa kiti. Alikunja ngumi ili kifundo kisipinde, kikamtikisika, akaacha. Ndipo akasema neno ambalo kwangu lilikuwa muhtasari wa kazi nzima: "Nionyesheni kwanza mahali nitakapoweka mkono huu, halafu ndiyo mniambie choo kiko wapi."

Kosa la bafu la kwanza basi halikuwa kwenye kipimo. Choo kilikuwa kimewekwa kwa mtu wa kwenda kulia, na aliyekijengewa ni mtu wa kwenda kushoto. Miongozo mingi huonyesha mchoro mmoja na kusema unaweza kugeuzwa kama taswira ya kiooni, lakini haimshurutishi anayejenga aulize ni taswira ipi inayomfaa huyu atakayelitumia. Katika vyoo vya umma penye vyumba viwili ni busara kimoja kiwe cha kulia na kingine cha kushoto, kwa kuwa huwajui watakaoingia. Nyumbani tunamjua mtu kwa jina, kwa hiyo kutouliza hakuna udhuru.

Hofu ya familia ilikuwa kwamba kukihamishia choo kona ya pili kungemaanisha kuchimba sakafu nzima ili kulihamisha bomba kubwa la maji machafu. Haikuhitajika. Tulikiacha choo kwenye kona ile ile na kukigeuza robo mzunguko, mgongo wake ukatoka kwenye ukuta unaoukabili mlango ukaenda kwenye ukuta wa kushoto. Ukuta uliokuwa nyuma yake ukawa sasa uko ubavuni, na uko kushoto kwa anayekikalia. Nafasi wazi ikawa kulia. Bomba lilisogezwa kwa umbali usiofika nusu mita. Nawasihi mafundi na wasanifu walikumbuke jambo hili, kwa maana kona moja ina kuta mbili, na kukigeuza choo ndani ya kona hiyo hubadilisha mkono wa kushikia bila kubadilisha kona.

Kasoro ya pili ilikuwa ndogo kwa macho lakini ilichangia sana ule mtelezo. Choo cha kwanza kilikuwa kifupi, kikitokeza kiasi cha milimita 540 tu kutoka ukutani. Gurudumu kubwa la kiti cha magurudumu lina kipenyo cha takriban milimita 600, na ekseli yake iko karibu chini ya egemeo la mgongo, hivyo nusu ya gurudumu hubaki nyuma ya mgongo wa mkaaji. Kiti kikirudishwa kinyumenyume, gurudumu hugonga ukuta wakati nyonga za mtu bado ziko mbele ya tundu la choo. Anayejihamisha katika hali hiyo hatakiwi kwenda pembeni tu, bali pembeni na nyuma kwa pamoja, juu ya gurudumu lililosimama katikati kama boma. Mwongozo wa Uingereza unataka choo cha aina hii kitokeze milimita 750, na sababu yake ni hiyo hasa: viti viwili vilingane ubavu kwa ubavu. Tuliweka choo kirefu. Beseni la kunawia, ambalo mwanzoni liliingia juu ya nafasi ya kuegesha kiti, tulilihamishia ukuta wa kulia.

Kuhusu urefu wa choo kutoka sakafuni, milimita 480 zilibaki, ila si kwa sababu mwongozo unasema hivyo. Tulipima mto wa kiti chake akiwa ameukalia, na tofauti kati ya mto mtupu na mto uliobonyea ilikuwa milimita 30. Anayepima kiti kitupu humwekea mtu choo kirefu kupita kiasi. Kushuka kwenye kiti cha chini ni rahisi, kurudi juu ndiko kunakoyamaliza mabega, kwa hiyo tulitafuta usawa wa safari zote mbili.

Vyuma vya kushikia vilituchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Msomaji aangalie jinsi viwango vyenyewe visivyokubaliana. Viwango vya Marekani, vinavyotokana na sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, vinataka chuma cha ubavuni kiwe kati ya milimita 840 na 915 kutoka sakafuni. Mwongozo wa Uingereza unataka chuma cha mlalo cha ukutani kiwe milimita 680. Tofauti ya zaidi ya milimita 150 kwa chuma cha kazi moja haina maana kwamba upande mmoja umekosea. Chuma cha juu humfaa zaidi anayejivuta ili asimame, na cha chini humfaa anayeegemea na kujisukuma akiwa amekaa. Mama huyu hasimami. Tulimweka juu ya choo ambacho hakijafungwa, watu wawili wakashika fimbo ya mbao yenye unene wa chuma kitakachonunuliwa, wakaipandisha na kuishusha huku yeye akivuta, hadi kiwiko kikakaa mahali alipokuwa na nguvu bila maumivu ya kifundo. Tukapiga alama: milimita 720. Hakuna kitabu kilichotupa namba hiyo.

Chuma cha zamani kilikuwa kimefungwa kwenye kuta za bodi nyepesi kwa skrubu na plagi za plastiki, juu yake vigae. Nilipokivuta kwa mkono mmoja, kigae kilisogea. Kiwango cha Marekani kinataka chuma na vifungio vyake vistahimili nguvu ya nyutoni 1,112, takriban uzito wa kilo 113, na mtu anayejihamisha hakivuti kuelekea chini pekee. Anakivuta kutoka ukutani, ambako skrubu ni dhaifu zaidi. Tulibandua bodi ya kuta mbili zote na kuweka nyuma yake plaiwudi ya milimita 18, kuanzia karibu na sakafu hadi usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, si pale tu palipohitajika chuma siku hiyo. Nafasi kati ya chuma na ukuta iliachwa milimita 38, na hapa namba ina sababu ya kimwili: panahitajika nafasi ya vidole kuzunguka chuma, lakini si pana kiasi cha mkono kuteleza na kuingia hadi kiwiko, kwa sababu mtu akianguka mkono ukiwa umenasa humo, mfupa huvunjika. Upande wa kulia, uliokuwa wazi, tuliweka chuma cha kukunjwa kinachoinuliwa kuelekea ukutani kiti kinapoegeshwa na kushushwa akishakaa.

Sehemu ya kuogea ilihitaji fikra nyingine kabisa, kwani hapo maji na magurudumu hugombana. Sakafu ya zamani ilikuwa na tundu la maji katikati na miteremko minne iliyokutana hapo. Kiti cha magurudumu kikisimama juu ya sakafu ya namna hiyo, gurudumu moja dogo la mbele hubaki hewani na kiti huyumba kama meza yenye mguu mfupi, wakati ule ule mtu anapotaka kitulie kuliko wakati wote. Tuliondoa tundu, tukaweka mfereji mrefu wa sakafuni kando ya ukuta, na sakafu yote ikainama upande mmoja kwa milimita 20 kila mita, mteremko unaokaribiana sana na kikomo cha Marekani cha 1 kwa 48. Kizingiti hakuna. Kiti cha kuogea cha kukunjwa kilifungwa kwenye kona ambapo ukuta unakuwa tena kushoto kwake, ili mwili wake ujifunze safari moja tu na si mbili. Vishikio vya kufungulia maji vimewekwa mahali anapovifikia akiwa amekaa na anapovifikia akiwa bado kitini mwake, kwa sababu haifai mtu ajihamishe kwanza, akiwa hana nguo, ndipo agundue kwamba maji ni ya moto.

Nalisisitiza suala la maji ya moto. Miguu isiyo na hisia haitoi onyo. Maji ya nyuzi 60 za selsiasi huunguza ngozi kwa sekunde chache, na mtu huyu angeweza kulijua hilo baada tu ya kuona malengelenge. Viwango vya Marekani vinaweka ukomo wa nyuzi 49 kwa bomba la mvua. Sisi tuliweka vali ya kuchanganya maji inayojirekebisha na kuifunga kwenye nyuzi 41. Kwa sababu hiyo hiyo bomba la maji ya moto chini ya beseni la kunawia lilisogezwa pembeni na kufunikwa kwa sponji, maana magoti yanapita hapo hapo. Beseni lenyewe halina kabati chini, ukingo wake uko milimita 800 kutoka sakafuni, na mengine kulihusu hayakuwa na ugumu.

Jambo ambalo miongozo hulitaja kwa nadra ni muda. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, kwenda haja kubwa ni utaratibu unaopangwa, na mara nyingi huchukua nusu saa hadi saa nzima. Kiti cha plastiki ngumu ambacho mimi ningekikalia dakika tano bila kukiona, kwake ni mgandamizo wa dakika 45 juu ya mifupa ya nyonga isiyolalamika, na hapo ndipo vidonda vya mgandamizo vinapoanzia. Tulifunga kiti chenye sponji iliyofungwa vizuri isiyopitisha maji, na nikamwonyesha mumewe namna ya kukikagua kila wiki kama kina ufa. Rafu ya glovu, mafuta na mipira ya mkojo iko upande wa kulia kwa urefu wa bega, mahali mkono unapofika bila kiwiliwili kuinama mbele.

Mlango sasa unafungukia nje, na kwa ndani una fimbo ndefu ya mlalo ya kuuvuta ukiufunga nyuma yako ukiwa umekaa. Karibu na choo na karibu na kiti cha kuogea kuna kamba nyekundu za kuitia msaada ambazo ncha zake zinaishia milimita 100 kutoka sakafuni. Nimekuta kamba za namna hii zimefungwa fundo juu katika majengo mengi, kwa sababu anayepiga deki huona zinamsumbua. Lakini anayeihitaji kamba huwa yuko sakafuni. Tulikubaliana na kila mtu wa nyumba ile, hata watoto, kwamba haiguswi.

Kabla ya kuweka kigae cha kwanza tulijenga bafu zima kwa maboksi na chaki sebuleni, naye akalitumia kwa siku mbili akiwa na nguo zake. Hapo ndipo beseni liliposogea milimita 120, na hapo ndipo mumewe, ambaye ni mrefu, alipoonyesha kwamba chuma cha kukunjwa kingemgonga paja kila akipita. Hata hivyo kosa moja lilinipita, na ni langu. Tulipokigeuza choo, mkono wa kuvutia maji ulibaki upande ule ule wa tangi, na kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa kimegeuka, sasa ulikuwa upande wa ukutani, nyuma ya bega lake la kushoto. Kuufikia ilimbidi ajipinde kwa kiwiliwili ambacho misuli yake haimshiki. Unapaswa kuwa upande wazi, nami nililijua hilo kabla sijaanza kazi. Tangi lilibadilishwa wiki iliyofuata.

Nilirudi baada ya miezi sita. Anaoga peke yake, mlango ukiwa umefungwa, jambo ambalo alilitaja kabla ya jingine lolote. Anajihamisha kwenda kushoto mara sita hadi nane kwa siku kwenye chumba hicho, na bega la kulia limeanza kumwuma nyakati za jioni. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa watu wanaotumia kiti cha magurudumu kwa miaka mingi hulipia kwa mabega yao, na mkono mmoja unaobeba kazi ya kusukuma kila siku huchoka mapema. Huenda baadaye akahitaji ubao wa kutelezea, au chuma kilicho chini zaidi, au msaidizi atakayesimama upande ambao leo hauna mtu. Kwa ajili ya siku hizo tulipiga picha za kuta zote kabla ya vigae, tepu ya kupimia ikiwa imewekwa kwenye plaiwudi ili kila kipimo kisomeke, na picha hizo zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la korido, ambako fundi yeyote atakayekuja ataziona kabla hajatoboa ukuta.